Siku Niliyouawa kwa Mdomo Nikiwa Edani

"Mpira ukianza tu, namwambia kipa mama yake kafa. Ataacha lango mwenyewe."

Nilikuwa ndani, jamvini, nachambua mchele. Kipa ni mwanangu Zaidi.

Mama yake ni mimi.

Wajukuu zangu wa humu mtandaoni, someni taratibu. Haya ni ya miaka ya tisini mwanzoni, biashara zilipofunguliwa, kila mwenye pikapu pale Kibiti akawa bosi. Shemeji yangu Abdala alikuwa na pikapu. Na ndiye meneja wa timu yetu.

Siku hiyo ni fainali. Kibiti na Salale. Anayeshinda anapanda daraja, anayefungwa anarudi kucheza na vijiji.

Abdala kakaa nje ya dirisha langu na Haidari, mnunuzi wa kamba wa baharini kutoka Salale.

"Mkipanda nyie, mimi napata nini?"

"Kamba wote wa kule unapakia wewe peke yako."

"Basi limekwisha. Kipa wa akiba ana malaria. Na mjane yumo edani, haonekani na mtu. Nani ataapa kuwa yu hai?"

Wakacheka. Pikapu ikawaka, ikaondoka.

Mimi mchele ukanimwagika...

Mume wangu alikuwa amefariki, mimi nimo katika mwezi wa tatu wa eda. Abdala ndiye aliyenipa masharti. Usisimame mlangoni. Usichungulie dirishani. Sauti yako isivuke ukuta. Ukivunja, utamtesa marehemu kaburini.

Nikayashika. Jua la nje nililiona kwenye nyufa za mlango tu.

Sasa nikapige kelele? Sauti isivuke ukuta. Nitoke? Nimtese mume wangu kaburini?

Filimbi ikalia uwanjani. Nikasimama, nikakaa. Nikasimama tena...

Mlangoni alikuwepo Bibi Mwanaharusi, shangazi wa marehemu, mlinzi wangu wa eda. Anasuka ukili, kanyoosha miguu kizingitini.

"Una nini wewe, unazunguka kama kuku anayetaka kutaga?"

"Bibi, Abdala anamwambia Zaidi nimekufa."

Akaacha ukili. Nikamweleza yote, machozi yananitoka.

"Sasa umekaa unangoja nini?"

"Si nimo edani, Bibi?"

"Eda mimi nimekaa mara mbili. Mwenye dharura anatoka mchana, anajisitiri, anarudi kulala kwake. Hayo ya kutochungulia kayaleta Abdala."

"Bibi! Miezi yote hii mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Nikajua umependa mwenyewe."

Akakunja miguu. Njia ikawa nyeupe.

Nikajitanda nguo zangu za eda mpaka usoni, nikashika njia ya uwanjani. Miguu imesahau kutembea, mchanga unaniunguza.

Mbele yangu namwona kijana anakuja mbio, jezi imelowa, analia kwa sauti. Zaidi.

Kwetu mwanamume akimwona mwenye eda njiani, anainamisha uso na kumpisha. Na yeye, pamoja na kilio chake, akainama, akaingia majanini, akanipita.

Mwanangu alinipita akikimbilia maiti yangu.

"Zaidi!"

"Nisamehe mama, sisimami. Nimefiwa."

"Umefiwa na nani?"

"Mama yangu."

"Basi ukifika muulize mchele wa usiku kaumwaga nani."

Akasimama. Akageuka polepole, kama anayeogopa kugeuka. Nikafunua uso.

Alinishika mkono, akaupapasa kidole kimoja kimoja, kama mtu anayenunua samaki gizani.

Tukarudi pamoja. Uwanjani langoni kasimama beki wetu Mussa, goli moja limeshaingia. Pembeni, kwenye mkeka, kakaa Abdala. Kavua kofia, uso wa huzuni, watu wamepanga foleni wanampa pole.

Na mimi nikapanga foleni.

Zamu yangu ikafika.

"Shemeji, nimekuja kukupa pole ya msiba wangu."

Akainua macho... Mzee mmoja nyuma yangu alisoma shahada na kukimbia akaacha viatu. Wanawake wakaanza kucheka, mmoja, wawili, uwanja mzima. Abdala alitafuta kofia yake na alikuwa ameikalia. Mpaka kwenye pikapu alisindikizwa na zomeazomea.

Refa alimruhusu Zaidi kurudi langoni. Mimi nikarudi nyumbani, eda yangu ilikuwa bado.

Nikakaa tena jamvini. Nikasikia kelele kubwa, lakini ukiwa ndani huwezi kujua ni za nani.

Magharibi Zaidi akaingia, matope mpaka kwenye nyusi.

"Tumefungwa, mama. Lile lile moja."

Na anacheka.

"Sasa unachekea nini, mwanangu? Si hamkupanda?"

"Mama, nilishakuzika njiani. Daraja litakuwepo na mwakani."

Akaomba wali.

Wajukuu zangu, mtu akikwambia dini imekataza au mila imekataza, usimpinge wala usimfuate mbio. Muulize na wa pili. Mimi jela yangu mlinzi wake alikuwa na jibu mdomoni tangu siku ya kwanza, nami kila siku nikimpa chai bila kumuuliza.