Mpira wa Ekzosi

Jumamosi, tarehe 13 Machi 1999. Ukungu ulikuwa umefunika vilima vya Iveti, na manyunyu yalianza kabla ya chai.

Kama kila Jumamosi, Ndanu alimsaidia baba yake, Erastus, kupakia kreti za maparachichi ndani ya gari lao kuukuu, wakateremka kutoka Kathiani kwenda soko la Machakos. Walipokaribia mji, kitu kiligonga barabara. Gari likanguruma kama trekta.

"Ekzosi!" baba alifoka. Bomba la moshi lilikuwa likiburuta chini. "Fundi Abdulghani alinidanganya! Alisema ameifunga!"

Jana yake jioni, Ndanu alikuwa ametambaa chini ya gari, akakata mipira ya tyubu iliyoning'iniza bomba hilo, ili yeye na wenzake wapate mpira wa blada, mchezo wa kuruka kamba ya mpira.

Kwenye gereji, Erastus hakusalimu mtu. "Wewe fundi ni mwongo! Kathiani nzima itajua! Nani atakuletea gari tena?"

Mteja mmoja alichukua funguo zake mezani.

"Mzee, nalisha watoto kwa jina hili," Abdulghani alisema kwa hasira.

Ndanu aliomba kimoyomoyo: Mungu wangu, nifungue mdomo. "Baba, ni mimi. Nilikata mipira nitengeneze blada."

Baba aliinua mkono.

"Shusha!" fundi alinguruma. "Mtoto amekosa. Na wewe je? Vishikio vya chuma vilikatika kwa kutu. Nilikuambia mipira ni ya kukufikisha nyumbani tu, urudi niweke vipya. Umekaa mwezi mzima!"

Mkono wa Erastus ukashuka.

Abdulghani alitandika gunia, akaingia chini ya gari bado amenuna. Alifungua nati zilizoshika kutu, akatoa mabaki ya vishikio, akakaza vipya. Alilitikisa bomba. Halikucheza.

"Nisamehe, fundi," Erastus alinong'ona.

"Hapana! Matusi uliyatoa kwa sauti, msamaha nao utoe kwa sauti. Nawe Ndanu, ukificha kosa lako, mwingine huadhibiwa kwa ajili yako."

Erastus akawageukia mafundi na wateja. "Abdulghani hakunidanganya! Mimi ndiye niliyepuuza gari langu!"

Yule mteja akarudisha funguo mezani.

Ndanu akasimama kando ya baba yake. "Nami naahidi mbele yenu nyote na mbele za Mungu," alisema kwa sauti, "nikikosa, nitasema kabla mwingine hajalaumiwa."