Mghoi na Kipaza Sauti cha Mgongoni

Aliyemwambia Mghoi kwanza habari za redio inayojibu alikuwa Shangazi Nyambu.

"Redio ya Nyanya husema tu," alisema Shangazi. "Yangu mimi, ukiiambia neno, inakujibu."

Mghoi akacheka. "Shangazi, wanidanganya!"

"Basi njoo uone."

Nyumba yao ilikuwa juu ya kilima, huko Taita. Ukungu uliingia ndani kila asubuhi, bila kupiga hodi.

Waya mrefu ulitoka kwenye paa hadi kwenye mkaratusi. Waya huo ulizinasa sauti za watu wa mbali. Lakini Nyanya aliuona ni kamba ya nguo.

"Mama, usianike leso hapo!" alisema Shangazi.

"Kamba yote hiyo," alijibu Nyanya, "na leso zangu zikae wapi?"

Mezani palikuwa na redio nyeusi. Ilikuwa na kipaza sauti cha kushika mkononi. Waya wake ulijikunja kama mkia wa kinyonga.

"Ukibonyeza kitufe hiki, unasikika," alisema Shangazi. "Ukikiachia, unasikia."

Bonyeza. Sema.
Achia. Sikiliza.

"Na hii taa nyekundu?" aliuliza Mghoi.

"Taa ikiwaka, watu wanakusikia wewe. Taa ikizima, unawasikia wao."

Shangazi alikuwa amesoma. Alikuwa amefanya mtihani, akapewa leseni ya kuongea hewani. Hakulipwa. Alijitolea tu, kwa kupenda.

Kila asubuhi na kila jioni redio ililia. Shhhh... krrr... tik!

"Kilimani, Kilimani, hapa Darajani!" Sauti ilikuwa nyembamba, na ilitetemeka. Ni Baba Mkamburi, mlinzi wa daraja la miti kule bondeni.

"Hapa Zahanati. Nawasikia nyote." Sauti ilikuwa nene na tulivu. Ni Mama Sezi, muuguzi.

Na Shangazi akajibu, "Hapa Kilimani. Habari za mto?"

Bondeni simu hazishiki. Kwa hiyo mto ukijaa, Baba Mkamburi humwambia Shangazi kwa redio. Shangazi hutoka nje mbio. Hukigonga chuma kinachoning'inia mlangoni.

Ngo! Ngo! Ngo!

Watu wote wa kilimani hujua: leo daraja halipitiki.

"Shangazi, mbona hamwongei pamoja?" aliuliza Mghoi.

"Njia ya hewani ni moja, kama daraja letu. Anapita mmoja mmoja. Mmoja akisimama katikati, wengine wote wanakwama."

Mghoi akajifunza kwa gunzi la mahindi. Gunzi lilikuwa kipaza sauti chake. Aliita kuku. Aliita paka. Aliwaita hata siafu.

Bonyeza. Sema.
Achia. Sikiliza.

Jioni moja Shangazi alivuta kigoda. "Leo utasema wewe. Mimi niko hapa kando yako."

Mghoi akabonyeza. Taa nyekundu ikawaka.

"Kilimani hapa," alisema. "Mimi ni Mghoi. Mvua inaanza."

Akaachia. Taa ikazima. Tik!

"Mghoi, nimekusikia vizuri sana," alisema Mama Sezi.

"Karibu hewani, mama!" alisema Baba Mkamburi kwa ile sauti yake nyembamba. "Sasa tumeongezeka."

Mghoi alijiona mrefu kama mkaratusi.

Mara mvua ikaja kwa kishindo. Pa! Pa! Papapapa!

"Kuni zangu!" Shangazi alipiga kelele. "Mghoi, kitundike pale msumarini. Narudi sasa hivi."

Akatoka mbio.

Mghoi akautazama msumari. Akakitazama kipaza sauti. Kilikuwa kidogo. Kilikuwa na joto la mkono wake.

"Umechoka, eh?" alikiuliza. "Unataka kulala?"

Akachukua leso ya Nyanya. Akakiweka kipaza sauti mgongoni. Akakifunga kama mama afungavyo mtoto. Akakaza, akakaza.

Leso ikakibana kitufe.

Taa nyekundu ikawaka. Mghoi hakuiona. Ilikuwa nyuma yake.

Akaanza kubembeleza, huku akiyumba kushoto na kulia.

"Lala, mwanangu, lala,
mvua yagonga bati.
Lala, mwanangu, lala,
Nyanya apika chai."

Taa ilikuwa inawaka.

"Usilie, mtoto!" alisema Mghoi. "Ukilia utakuwa na sauti ya Baba Mkamburi. Sauti yake kama ya mbuzi! Kilimani, Kilimani, meee! Hapa Darajani, meee!"

Taa ilikuwa bado inawaka.

Mghoi alicheka peke yake. Akaimba tena. Akalia meee tena. Wimbo ukaisha, akauanza upya.

Halafu akasikia miguu matopeni.

Chwa! Chwa! Chwa!

Mlango ukafunguka. Baba Mkamburi alisimama pale, akihema. Maji yalimtiririka kichwani hadi miguuni. Mguu mmoja ulikuwa na kiatu cha mpira. Mguu wa pili haukuwa na kitu.

Mkononi alishika redio yake ndogo.

"Shikamoo, Baba Mkamburi," alisema Mghoi.

"SHIKAMOO, BABA MKAMBURI!" ilisema redio ndogo.

Mghoi akashtuka. Ile ilikuwa sauti yake.

"Nani huyo?" aliuliza kwa hofu.

"NANI HUYO?" ilisema redio.

"Nyambu!" aliita Baba Mkamburi. "Mto umejaa! Gonga chuma!"

Huko nje Shangazi, aliyekuwa bado akihamisha kuni, akazitupa. Ngo! Ngo! Ngo!

Njiani walikuwa wanashuka akina mama waliotoka sokoni. Vikapu vilikuwa kichwani. Wakakisikia chuma. Wakasimama. Wakageuka, wakarudi juu.

Hakuna aliyefika darajani.

"Nimefunga njia kwa kamba, nikapanda mbio," alisema Baba Mkamburi. "Nimeita Kilimani. Nimeita, nimeita! Sikupata nafasi. Kuna mtu alikuwa anabembeleza mtoto."

Akaitazama leso ya Mghoi.

"Basi, mbuzi mwenyewe nimefika," alisema.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga kelele.

Uso wa Mghoi ukawa moto. Macho yake yakaenda chini.

Chini aliuona mguu wa Baba Mkamburi, ule usio na kiatu. Matope yalikuwa katikati ya vidole.

Shangazi akafungua leso taratibu. Taa nyekundu ikazima.

Tik.

Sasa redio ikaweza kusema. "Kilimani, hapa Zahanati," alisema Mama Sezi. "Huyo mtoto amelala? Maana huku wagonjwa wote wameamka, wanacheka."

Mghoi alikimbia. Akaingia chini ya kitanda, nyuma ya gunia la maharagwe. Alitamani awe harage moja tu, katikati ya maharagwe mengi. Nani angemwona?

Baba Mkamburi alikunywa chai kwa Nyanya. Mghoi hakutoka kumuaga.

Kisha Nyanya akapakua kimanga, muhogo uliopondwa na maharagwe. Mghoi alikipenda kimanga kuliko vyakula vyote.

Siku hiyo aliisogeza sahani pembeni.

"Meee!" alilia mbuzi wa jirani huko nje.

Uso wa Mghoi ukawa moto. Macho yake yakaenda chini. Akaziba masikio.

"Kula, mjukuu wangu," alisema Nyanya. "Mbuzi yule analia kila siku. Hakutaji wewe."

Mghoi alikwenda kunawa. Njia fupi ilipita mbele ya redio. Yeye akaizunguka nyumba yote, kwenye mvua, ili redio isimwone.

Shangazi alimkuta kitandani, amejifunika hadi kichwani.

"Mghoi."

Blanketi likajikunja.

"Mghoi, najua uko humo. Naziona nywele."

"Shangazi," ilisema sauti ndogo ndani ya blanketi, "wamesikia wote?"

"Wote."

"Hata ile ya mbuzi?"

"Hiyo ndiyo wameisikia zaidi."

Blanketi likatetemeka. Mghoi alikuwa analia, bila sauti.

Shangazi akakaa kando yake. "Sikiliza. Kosa la hewani huombewa radhi hewani. Ndiyo desturi yetu watu wa redio. Waliosikia kosa, wasikie na radhi."

"Siwezi. Sema wewe, Shangazi."

"Mimi sikumwita mtu mbuzi."

"Basi nilazimishe."

"Hapana," alisema Shangazi. "Hapa hatulazimishani. Anayejitolea hujitoa mwenyewe."

Akambusu kwenye nywele zile zile zilizoonekana. Akatoka.

Mghoi akalitafuta gunzi lake chini ya mto wa kulalia. Akalishika ndani ya blanketi.

Bonyeza. Sema...

Akalisogeza mdomoni, akaliondoa. Uso wake ukawa moto, hata gizani, hata bila mtu.

Akalala akilishika gunzi.

Asubuhi ukungu uliingia bila hodi. Jogoo akawika. Redio ikalia.

Shhhh... krrr... tik!

"Kilimani, Kilimani, hapa Darajani!"

Shangazi alikaa mezani. Mikono yake ilikuwa mapajani. Kipaza sauti kilikuwa msumarini. Hakukigusa.

Mghoi alisimama mlangoni, leso ya Nyanya kichwani.

"Kilimani, Kilimani?" iliita tena ile sauti nyembamba. "Hakuna mtu huko?"

Mguu mmoja wa Mghoi ukaingia. Wa pili ukaufuata. Akakitungua kipaza sauti. Kilikuwa baridi.

Shangazi akasogea, akampisha kwenye kigoda.

Mghoi akabonyeza. Taa nyekundu ikawaka. Safari hii aliiona.

"Kilimani hapa," alisema. "Mimi ni Mghoi. Jana... jana sikukitundika kipaza sauti. Nilikifunga mgongoni. Nikasimama katikati ya daraja, mkakwama wote."

Akavuta pumzi.

"Baba Mkamburi, nilisema una sauti ya mbuzi. Na kiatu chako kimepotea kwa sababu yangu. Naomba unisamehe. Mama Sezi, naomba unisamehe. Na wagonjwa pia."

Maneno yakaisha. Lakini kidole kilikataa kuachia. Akiachia, atasikia. Na watasema nini?

Taa ilikuwa inawaka. Njia ilikuwa moja. Kuna mtu alikuwa anangoja kupita.

Mghoi akafumba macho. Akaachia.

Tik.

Shhhh...

Shhhh...

Shhhhhh...

Uso wake ukawa moto. Macho yake yakaenda chini.

Halafu redio ikalia:

"Meeeeee!"

Mama Sezi akaangua kicheko. Shangazi akageukia ukutani, mabega yakimtikisika. Kule jikoni Nyanya akaangusha mwiko.

"Kilimani, hapa Mbuzi wa Darajani," ilisema sauti nyembamba. "Radhi nimeipokea, mama. Maji yameshuka. Daraja liko salama. Kiatu bado kimo matopeni, kinaoga. Haya, nipe habari za mvua huko juu."

Mghoi akamtazama Shangazi. "Ananiuliza mimi?"

"Kwani Mghoi ni nani?"

Mghoi akakimbilia dirishani. Akaangalia juu. Akaangalia chini. Akarudi mezani, akabonyeza.

"Kilimani hapa. Mvua imekatika. Ukungu tu, na leso mbili za Nyanya kwenye waya."

"Mama!" Shangazi alipiga kelele, akatoka nje mbio.

Bonyeza. Sema.
Achia. Sikiliza.

"Tumekusikia, Mghoi," alisema Mama Sezi. "Tutaonana hewani jioni."

Mghoi akainuka. Akakitundika kipaza sauti msumarini. Akaitazama taa. Imezima. Akaitazama tena. Imezima kabisa.

Kisha akala kimanga cha jana, sahani nzima. Akachukua fimbo ndefu. Akashikana mkono na Shangazi, wakaanza kushuka kwenda kutafuta kiatu.

Njiani mbuzi wa jirani alilia, "Meee!"

Uso wa Mghoi ukapata moto, kidogo tu.

Hakuziba masikio. Akaendelea kushuka.