Usimkate Miguu Kitwitwi

Haya, sogeeni. Na wewe mwenye kidole mdomoni, sogea. Hadithi hii ina machozi, lakini machozi hukauka.

Kidawa alikuwa na miaka minane. Mdogo wake, Makame, alikuwa na miaka mitano. Waliishi karibu na pwani ya matope, pale penye mikoko.

Kila asubuhi walikwenda kuwatazama vitwitwi. Hao ni ndege wadogo wa pwani, wenye miguu myembamba kama njiti.

Twi-twi-twi! Kimbia, kimbia, simama.

Mmoja wao alikuwa na baka jeusi kifuani. Mguu wake mmoja ulikuwa unamuuma. Aliukunja tumboni, akarukaruka kwa ule mwingine. Du! Du! Du! Makame alimwita Kiguu.

Siku moja Makame akapanda mpera. Akaanguka puu! Mguu ukavunjika.

Sasa Makame amelala kitandani. Mguu umefungwa plasta nyeupe, ngumu kama ukuta. Hachezi. Hacheki. Hata maandazi hataki. Makame kukataa maandazi, jamani, si jambo dogo!

"Dada," akasema Makame. "Kiguu amepona?"

"Sijui," akasema Kidawa.

"Kama Kiguu hajapona, na mimi sitapona." Makame akageukia ukutani.

Kidawa akamfuata mama jikoni.

"Mama, niazime simu. Nataka kumpiga picha Kiguu."

"Chukua, mwanangu. Lakini fanya haraka. Vitwitwi ni wageni. Siku mbili tatu hizi wataruka kwenda kwao, mbali sana."

Kidawa akakimbia pwani.

Twi-twi-twi! Kimbia, kimbia, simama.

Kacha! Akapiga picha, akaipeleka nyumbani.

Makame akaitazama. Akaigeuza. Akaitazama tena.

"Hii nini, dada? Kokoto?"

"Ni Kiguu. Alikuwa mbali."

"Miguu siioni."

Kidawa akaangalia. Kweli, kokoto tupu. Moyo ukamshuka.

"Basi tena," akasema. "Siwezi."

Lakini asubuhi akarudi. Mara hii akanyata. Nya, nya, nya. Akasogea karibu, karibu kabisa. Kivuli chake kikawaangukia ndege.

Fruuu! Wakaruka wote. Kacha!

"Huu ni moshi," akasema Makame.

"Si moshi! Ni mabawa!"

"Miguu siioni. Wewe mrefu, dada, wanakuogopa. Mimi nilikuwa nalala kifudifudi."

Moyo ukamshuka Kidawa. "Basi tena," akasema. "Siwezi."

Akaenda kulia nyuma ya mlango, Makame asimsikie. Makame alimsikia. Naye akalia.

Asubuhi ya tatu, Kidawa akalala kifudifudi. Matope tumboni. Matope kidevuni. Kaa akamfinya kidole. Uwi! Kidawa kimya.

Twi-twi-twi! Kimbia, kimbia, simama.

Kiguu huyo! Baka jeusi hilo! Karibu kabisa!

Kacha! Jua lilikuwa kali, Kidawa hakuona kitu kwenye simu. Hakujali. Akatoka mbio hadi kibandani kwa Mjomba Shali, mpiga picha za pasipoti.

"Shikamoo, mjomba! Nitolee picha hii kwenye karatasi."

"Marahaba. Lo, matope yote haya! Lete tuone." Mjomba akaiingiza picha kwenye kompyuta. "Mbona kiza? Tena ndege kaenda pembeni? Ngoja niitengeneze. Uso katikati. Kifua mwisho. Kwingine kote, kata!"

Kata, kata, kata. Maskini Mjomba Shali, ndivyo alivyozoea. Miaka yote anakata watu vifuani.

Kidawa akaipeleka mbio. "Makame! Mtazame Kiguu!"

Makame akaishika picha kwa mikono miwili. "Kichwa kipo. Baka lipo." Akashuka kwa kidole hadi chini. "Miguu iko wapi?"

"Mjomba amekata."

"Kwani Kiguu anaomba pasipoti?"

Hakuna aliyecheka.

"Mmekata kwa sababu hajapona," akasema Makame. "Mnanificha." Akajifunika shuka gubigubi.

Kidawa naye hakujua kama Kiguu amepona.

Asubuhi ya nne akarudi pwani. Akasikiliza.

Hakuna twi. Hakuna kimbia. Matope tu, na maji. Wageni walikuwa wameondoka.

Kidawa akakaa kwenye matope, akalia kwa sauti. Nani angemsikia? Kaa?

"Basi tena," akasema. "Basi tena. Basi tena."

Akalia hadi machozi yakaisha. Akafuta pua kwa kiganja. Akaitazama simu ya mama. Akaifungua.

Eh! Picha ya jana ilikuwepo. Nzima, haijakatwa!

Lakini ilikuwa kiza. Chini ya tumbo la Kiguu palikuwa peusi kama sufuria ya kuni. Miguu haionekani.

Kidawa akakimbia.

"Mjomba! Usikate! Ongeza mwanga tu!"

"Mwanga?" Mjomba akabonyeza. Kidogo. Kidogo tena. Kidawa akafumba macho. Je, kama uko mguu mmoja tu?

"Kidawa," akasema mjomba taratibu. "Hebu tazama."

Mguu wa kwanza ulikuwa kwenye matope.

Na wa pili ulikuwa kwenye matope. Umepinda kidogo, lakini umekanyaga!

"Nyuma yake kuna nyayo," akasema mjomba. "Ila huku mbele ni matope matupu. Nikate?"

"Usikate, mjomba! Hapo ndipo anapokwenda."

Kidawa akarudi nyumbani. Akaiingiza picha chini ya shuka.

Shuka likatikisika. Kisha likatoka jicho moja. Kisha la pili.

Makame akaweka kidole juu ya nyayo. "Mguu huu," akasema. "Na huu. Na huu. Na huu." Akafika kwenye miguu ya Kiguu. "Dada! Amekanyaga yote miwili!"

"Yote miwili."

"Umepinda."

"Umepinda kidogo. Lakini anatembea."

Makame akacheka. Mama akaja mbio kutoka jikoni, maana kicheko hicho alikuwa amekisahau.

"Mama," akasema Makame, "maandazi yamebaki?"

Usiku ulipoingia, mama akaibandika picha ukutani, karibu na mto wa Makame. Kidawa akalala pembeni yake.

"Dada, hapa mbele kuna nafasi."

"Ndiyo. Ni njia ya Kiguu."

Makame akapiga miayo. "Na yangu," akasema. Akalala, andazi mkononi.

Hadithi imelala na Makame. Na wewe mwenye kidole mdomoni, fumba macho.