Mto wa Kiti cha Nyuma

Mimi nachekesha watu hata msibani, lakini hili la rafiki yangu Victorine, fundi cherehani wa mtaa wa Bellevue, limenishinda.

Mumewe, Gaël, alikuwa mlinzi kwenye banda la ndege kuukuu za vita. Miaka minne, hata siku zake za mapumziko, alishinda humo akikwangua kutu ya ndege moja, hadi wazungu wa klabu inayorusha ndege hizo wakamwahidi kiti cha nyuma siku ya maonyesho. Akafariki Januari 2019. Maonyesho yalikuwa Machi.

Victorine akaomba ashone mto wa kiti kile, walau kitu cha nyumbani kwao kipae. Akaupeleka Jumamosi mchana.

“Karibu, Mama Gradi!” akamtania Pacifique, mlinzi mpya, akimwita kwa jina la mwanawe na kuionyesha ndege kwa kidole. “Mke mwenza wako kapakwa rangi, anakushinda urembo!”

“Eish, wacha! Huyo ndiye aliyekula ujana wa bwana wangu.”

Akapanda ngazi ya ndege, akauweka mto kitini. Mara umeme ukakatika, kama kila siku wiki ile. Banda halikuwa na dirisha hata moja, na milango ilikuwa imefungwa. Gizani akasikia springi za kiti zikilia taratibu, kisha kifungo cha mkanda wa kiti: ka!

“Gaël?” akaita. “Shuka, baba. Twende nyumbani.”

Taa zikawaka. Kiti kilikuwa kitupu. Lakini mikanda ilikuwa imefungwa, imetuna mbele kana kwamba imekumbatia kifua, nayo ilikuwa ikipanda na kushuka, polepole.