Mabano ya Mstari wa Tatu

Haya yalimkuta rafiki yangu Gideoni, mwalimu wa kompyuta huku Masasi. Kompyuta za shule ni kuukuu, hazipokei toleo jipya la lugha ya programu, basi akawa anahamishia jumbe za makosa za toleo hilo jipya, zinazomweleza mwandishi kwa upole alipokosea, kwenye toleo la zamani.

Mchana ule umeme ulikatika. Mvua ilipiga bati, chumba kikawa giza, akaendelea na laptopu. Ili azijaribu, akaandika programu fupi, akaacha mabano wazi makusudi, akaiendesha. Kwenye skrini pakatokea:

“Baba Huruma, umesahau kufunga mabano mstari wa tatu.”

Jina hilo hakuliandika popote. Tangu wamzike mwanawe Huruma, hata majirani waliacha kumwita hivyo.

Akayafunga, akaiendesha tena. Mvua ikanyamaza ghafla.

“Asante, baba. Sasa nifungulie mlango.”