Ni Kweli au Si Kweli?

Mdogo wangu tunamwita Ndiyo. Si jina la kuzaliwa. Tulimpa wenyewe nyumbani, maana hajui kukataa. Mtume dukani mara tatu, "Ndiyo, dada." Mwombe viatu vyake vipya, "Ndiyo, dada." Mimi nilivaa viatu hivyo mwaka mzima.

Ndiyo anafanya usafi katika nyumba ya wageni. Anatandika vitanda, anapiga deki, anaweka sabuni na kondomu kwenye droo za vyumba. Mwanawe wa miezi minane hushinda kwangu. Ikikaribia saa kumi na mbili jioni, mtoto hutambaa hadi mlangoni, akakaa hapo kumngoja mama yake.

Siku moja alingoja mpaka akasinzia palepale sakafuni. Ndiyo alikuwa amekamatwa. Alikuwa amesimama nje ya ile nyumba ya wageni akisubiri usafiri. Polisi wakapekua mkoba, wakakuta pakiti mbili za kondomu ambazo hakuwa amemaliza kuzigawa vyumbani. Wakasema anajiuza.

Asubuhi nilimbeba mtoto nikaenda kwa jirani yetu, Mama Miwani. Yeye ni msaidizi wa sheria.

"Twende mahakamani sasa hivi," alisema. "Mdogo wako namjua. Atakubali kila kitu."

Tulimkuta mahabusu ya mahakama. Blauzi yake imelowa maziwa kifuani. Mtoto alipomwona akanyoosha mikono kati ya nondo, lakini askari akakataza asipewe. Jamani! Mimi ndiye niliyelia.

"Dada, nitakubali," Ndiyo alisema. "Wameniambia nikikubali nalipa faini, narudi nyumbani leo leo. Namtaka mwanangu. Maziwa yananiuma."

"Ukikubali, itaandikwa kwamba una hatia," Mama Miwani alimwambia. "Kesho nani atakupa kazi? Hebu niambie, ulimwita mwanamume yeyote ili akulipe?"

"Hasha! Nilisimama tu."

"Basi hakimu akikusomea shtaka na kuuliza ni kweli au si kweli, jibu 'si kweli.'"

"Si nitamkosea adabu mheshimiwa? Na kusimama, kweli nilisimama."

Mama Miwani akavua miwani. "Huulizwi kama ulisimama. Unaulizwa kama ulifanya kosa lenyewe. Kusimama peke yake hakuthibitishi kwamba mtu anajiuza, wala kuwa na kondomu. Anayekushtaki ndiye alete ushahidi. Wewe ukishakana, omba dhamana. Dada yako atakudhamini."

Mwanamke mwingine mle mahabusu akadakia, "Na sisi tunaojiuza kweli, mama?"

"Haki zenu ni zilezile, mwanangu. Uelezwe shtaka kwa lugha unayoielewa. Utafute wakili. Uombe dhamana. Na usitie sahihi karatasi usiyoielewa."

Tukaingia mahakamani. Hakimu akasoma shtaka.

"Ni kweli au si kweli?"

"Ndi..." akaanza mdogo wangu. Mtoto akaisikia sauti ya mama yake, akaangua kilio. Ndiyo akageuka, akamtazama. Nikasema moyoni, basi, tumekwisha, atakubali ili ampate.

"Si kweli, mheshimiwa. Naomba dhamana."

Walikagua kitambulisho changu na barua yangu ya utambulisho ya serikali ya mtaa mpaka saa tisa mchana. Hatimaye wakamwachia. Alikaa kwenye ngazi za mahakama, akampa mtoto ziwa. Mtoto akageuza uso! Alikuwa amesusa. Ndiyo akambembeleza huku machozi yanamtoka, mpaka akanyonya. Alinyonya huku ameishika blauzi kwa mikono yote miwili.

Baada ya miezi miwili kesi ilisikilizwa. Mama Miwani alikuwa amemtafutia wakili wa msaada. Wakili akamuuliza askari, "Ulimsikia akipatana na mtu?" Askari akajibu, "Hapana. Alikuwa amesimama." Meneja naye alileta daftari la zamu, akaeleza kwamba kondomu zile zilikuwa za kazini. Hakimu akamwachia huru, na kazi yake hakuipoteza.

Juzi jioni alikuja kumchukua mtoto. Nikamwambia, "Ndiyo, nioshee vyombo kwanza."

"Hapana, dada," akasema, akamshika mtoto kwapani na kumwinua pale mlangoni. "Nimemkumbuka mwanangu kutwa nzima."

Vyombo nikaosha mwenyewe, huku nimenuna.