Sifuri Iliyokatwa

Saa tatu na robo asubuhi, fundi saa alimtazama mke aliyeishi naye miaka thelathini, akamwuliza kama mteja mgeni, "Mama, umeleta saa gani?" Kibanio kikamponyoka. Mikono yake ilikuwa ikirukaruka yenyewe.

Inspekta, aliyekuja kuchukua saa yake ya ukutani, aliyaona yote akiwa mlangoni. Alishika kikaratasi chake cha duka: namba 40, sifuri imekatwa mstari katikati.

"Uzee huo, Inspekta," alisema mdogo wake fundi. "Leo saa kumi jioni ukoo unakutana, nikabidhiwe duka."

"Ana miaka hamsini na sita. Huo uzee umepanda teksi?"

Inspekta akamwomba fundi atoe ulimi. Ulikuwa mweusi tii.

"Anakunywa dawa gani?"

Mke akaleta chupa ya dawa ya tumbo. "Nampa mimi, kwa mkono wangu huu. Nimefuata maandishi, haki ya Mungu! Nimemuua mume wangu?"

"Hajafa, dada. Kaa."

Inspekta akampigia simu mfamasia.

"Ina madini ya bismuthi," mfamasia alisema. "Ukiinywa muda mrefu hupanda kwenye ubongo. Mtu anasahau, mikono inaruka. Niliandika siku saba! Aiache sasa hivi, apelekwe hospitali. Huenda akarudia hali yake ya kawaida."

Lebo ilisomeka: mililita 10, mara 3, siku 70.

"Sifuri ya kumi haina kitu ndani," Inspekta alisema, akilaza kikaratasi chake kando ya chupa. "Ya sabini imekatwa mstari, kama hii yangu. Nani huandika namba hapa?"

"Shemeji," mke alijibu taratibu. "Na chupa mpya huleta yeye."

Kikulacho ki nguoni mwako. Mdogo mtu alijikalia chini.

"Mfamasia alinionya isizidi wiki. Sikutaka afe, nilitaka aniachie duka. Miaka ishirini nafagia na kuandika namba. Hajawahi kuniachia niifungue saa hata moja."

Wiki ya saba baada ya kuacha dawa, fundi alirudi kwenye meza yake. Kumbukumbu zilikuwa zimemrudia, mikono bado kidogo. Hakuna aliyekuwa amethubutu kumwambia kwamba mdogo wake yuko mahabusu.

Aliivuta saa namba 40, ile ya Inspekta, akajaribu kuifungua, akashindwa. Akacheka.

"Mwiteni mdogo wangu aifungue. Kazi hii anaiweza siku nyingi, ila sijawahi kumwambia."

Mkewe akafunika uso kwa khanga, akalia.